Uji au chakula cha sufuria? Kumchagulia mtoto wa miezi sita

Mtoto akifikisha miezi sita hapa Nairobi, kila mtu ana ushauri. Shosho anasema uji wa wimbi, kwa sababu ndio aliowalea nao wote. Jirani wa ploti anakuja na kopo la unga wake wa vitu kumi na viwili, umesagwa pamoja kwa posho mill. Mwenzako kazini anakwambia nunua pakiti ya nafaka ya watoto supamaketi, koroga na maji moto, shughuli imeisha. Na sista wa kliniki, akishamaliza kumpima mtoto na kumpa matone ya vitamini A, anakuambia: ponda kile mnachokula nyumbani.

Nimelea wawili kwa njia mbili. Wa kwanza alianza na uji akabaki kwa uji hadi akakaribia mwaka. Wa pili alianza moja kwa moja na sufuria yetu, uji ukaingia baadaye kama chakula cha asubuhi. Kwa hivyo ninapoziweka njia hizi kando kwa kando, nina upande wangu na sitauficha: sufuria ndiyo iwe msingi, uji uwe msaidizi. Lakini najua nyumba nyingi ambazo mama anatoka saa kumi na moja alfajiri na uji ndio unaowezekana, na hizo pia nimeziwazia hapa.

Jambo moja halina mjadala. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji, na baada ya hapo mtoto anaendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri na ndivyo kliniki zetu zinavyofundisha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliona kwamba asilimia 60 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita ndio wanaopata maziwa ya mama peke yake. Siwalaumu akina mama waliobaki. Likizo ya uzazi ni miezi mitatu, na mtoto anahitaji sita. Kama unafanya kazi ya kuajiriwa, ujue kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa. Uliza.

Sasa tuje kwenye bakuli.

Tumbo dogo

Tumbo la mtoto hubeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 8 ana nafasi ya mililita 240 hivi, yaani kikombe kimoja kidogo. Ndani ya nafasi hiyo, mara mbili au tatu kwa siku, mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anatakiwa kupata takriban kalori 200 kutoka kwa chakula. Miezi 9 hadi 11 zinakuwa 300. Akivuka mwaka, 550.

Chukua uji wa kawaida tunaopika: vijiko vitatu vya mezani vya unga kwa kikombe cha maji. Hiyo ni kama gramu 25 za unga, na gramu 100 za unga wa nafaka zina kalori 360 hivi. Kikombe kizima kimempa mtoto kalori 90. Atakinywa, tumbo litajaa, atalala, na sisi tutasema ameshiba, kumbe nyingi ya shibe hiyo ni maji. Tena tumbo likishajaa hivyo, ziwa halitaki.

Weka kando yake nusu ya avokado. Gramu 100 za avokado zina kalori 160, na zote zinatosha kwenye kibakuli kidogo bila kupikwa. Au kiazi kimoja kilichopondwa pamoja na yai: yai peke yake lina kalori 70 na ushei na gramu 6 za protini, na kwa kibanda huuzwa shilingi 15 hadi 20.

Haya yote nilielezwa kwa kijiko kabla sijaelezwa kwa hesabu. Nilikuwa kwenye foleni ya kliniki na mtoto wangu wa kwanza, ana miezi minane, mstari wake wa uzito kwenye kile kitabu cha mama na mtoto umelala kwa miezi miwili. Sista akaomba kuona chakula chake. Nikafungua flaski. Akachota uji, akainamisha kijiko, ukamwagika wote kama chai. Akamgeukia mama aliyekaa kando yangu, akachota viazi na ndengu vilivyopondwa, akainamisha vilevile. Vilibaki pale, vikateleza polepole kama vinavyotaka kushuka.

"Mama, chakula chake kiwe hivi," aliniambia. "Hata uji. Kisimwagike."

Nilifika nyumbani nikamwaga ile flaski. Kwa hivyo katika swali la nguvu, sufuria inashinda, ila uji mzito unaweza kukaribia. Uji mwepesi haumo kabisa kwenye mashindano haya, na uji mwepesi uliotiwa kwenye chupa yenye chuchu iliyokatwa ndio mbaya kuliko yote: mtoto anaweza kupaliwa, chupa ni ngumu kusafisha, na mtoto hajifunzi kutafuna chochote. Kama ni uji, tumia kikombe cha kawaida kilicho wazi na kijiko.

Damu

Hapa ndipo tofauti inapokuwa kubwa, na ndipo tunapopasahau. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma, na kufikia miezi sita akiba hiyo inakuwa imeshuka. Maziwa ya mama yana mambo mengi mazuri lakini chuma ni kidogo. Kati ya miezi 7 na 12 mtoto anahitaji kama miligramu 11 kwa siku. Baba yake anahitaji 8.

Wimbi lina chuma, na kwa kalsiamu linazipita mbali nafaka nyingine tunazosaga. Shosho hakukosea kulipenda. Tatizo ni kwamba nafaka na kunde zina kitu kinachoitwa fitati, ambacho hushika chuma na zinki visiingie mwilini. Wazee wetu walikuwa na dawa yake bila kuijua kwa jina: waliloweka, walichachusha, waliotesha nafaka kwanza. Uji wa kuchacha unaolala usiku kucha umeshapunguziwa fitati. Na unga wa kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa, una faida ya pili: kijiko kidogo chake kikitiwa kwenye uji mzito unalainika, hivyo unaweza kuweka unga mwingi na mtoto bado akameza bila shida.

Chuma cha nyama, maini na samaki hakizuiwi hivyo, mwili hukichukua kwa urahisi. Hii ndiyo sababu kijiko kimoja cha maini yaliyopondwa hufanya kazi ambayo vikombe kadhaa vya uji haviifanyi. Si lazima iwe kila siku, na si lazima iwe ghali. Robo ya maini nyumbani kwetu hutosha watu wazima mboga ya jioni moja na mtoto anapata sehemu yake humo humo. Wiki ambayo hakuna maini kuna omena. Na ndengu zikiliwa pamoja na nyanya au zikafuatwa na kipande cha chungwa, chuma chake kinaingia vizuri zaidi.

Kinachoniumiza ni chai. Nimeona watoto wa miezi saba wakipewa chai ya maziwa na mkate uliochovywa, na anayewapa anawapenda kwa moyo wote. Majani ya chai huzuia chuma kile kidogo alichopata. Mtoto hahitaji chai. Tafadhali, hata kama analilia kikombe chako.

Unga wa vitu kumi na viwili

Nilitumia unga huu kwa mtoto wa kwanza na nilijivunia: mahindi, wimbi, mtama, mawele, mchele, ngano, soya, njugu, maharagwe, omena, mbegu za malenge, muhogo. Inaonekana kama umemkusanyia mtoto dunia nzima kwenye kopo moja. Afisa wa lishe ndiye aliyenifumbua macho, na tangu hapo siurudii.

Kwanza, vitu hivi haviivi kwa wakati mmoja. Unga wa mahindi uko tayari soya na maharagwe bado ni mabichi, na soya mbichi huzuia protini isiyeyushwe tumboni. Pili, njugu na omena zina mafuta, na mafuta yaliyosagwa huoza upesi. Baada ya wiki chache kopo linanuka, na tunadhani ni harufu ya omena. Tatu, mtoto akitoka vipele, utajua ni kipi kati ya kumi na viwili?

La nne ndilo linalonitisha zaidi: sumukuvu, ile aflatoksini. Mahindi na njugu ndizo zinazoathirika zaidi, na ukishasaga huwezi tena kuona punje iliyooza. Haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Ukambani mwaka 2004 watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo nunua nafaka ikiwa nzima na kavu kabisa, iwe ni Marikiti, Gikomba au kwa muuzaji wako wa mtaani, ipepete, imwage kwenye ungo mchana kweupe, toa zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kisha saga ya wiki mbili tu.

Kama unataka mchanganyiko, uwe wa vitu vichache: sehemu tatu za nafaka kwa sehemu moja ya kunde iliyokaangwa kwanza. Wimbi na soya iliyokaangwa vizuri, basi. Mengine yaongeze kwenye sufuria wakati wa kupika: kijiko cha maziwa, yai lililokorogwa na kuchemka, avokado juu. Omena naifanya hivi: natoa vichwa, naosha kwa maji moto mara tatu hadi mchanga uishe chini ya beseni, nakaanga kavu kwa moto mdogo mpaka ivunjike kwa vidole, natwanga, naweka kwenye chupa ndogo ya wiki moja. Kijiko cha chai kimoja kwa bakuli la mtoto.

Njugu zenyewe usiziogope. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2015 ulionyesha kwamba watoto walio katika hatari ya mzio, wakionjeshwa njugu mapema, huwa na mzio huo mara chache sana kuliko wanaonyimwa. Ziwe laini, zimesagwa na kulainishwa. Njugu nzima ni hatari ya kupaliwa hadi miaka kama mitano. Mtoto mwenye ukurutu mkali, muulize daktari kwanza.

Kuna jambo moja ambalo unga wa pakiti unaushinda wa posho mill: tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwenye pakiti uongezwe chuma, zinki na vitamini. Wa posho hauna nyongeza hiyo.

Sufuria ya nyumbani inavyokuwa

Wengi wanadhani chakula cha kuponda ni kupika mara mbili. Si hivyo. Ukikaanga kitunguu na nyanya, ukatia ndengu zilizochemka, toa za mtoto kabla ya chumvi na kabla ya vikolezo vya pakiti. Ponda kwa uma na kiazi au kipande cha malenge, tia mafuta kidogo. Imeisha. Kesho ni mukimo wenu kabla ya chumvi, kesho kutwa nduma na maini, siku ya minji ni minji. Mboga za majani zikatwe nyembamba sana ndipo zipondwe, la sivyo zitamganda kooni. Chumvi na sukari mwache nazo mbali hadi mwaka mmoja. Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka, hata tone la kikohozi, kwa sababu inaweza kubeba bakteria wa botulizimu ambao tumbo lake haliwezi kuwazuia.

Kipimo ninachokitumia ni kuhesabu makundi: maziwa ya mama, nafaka na viazi, kunde na njugu, maziwa na mtindi, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga za rangi ya chungwa au kijani kibichi, matunda na mboga nyingine. Ni manane. Siku njema ni ile anayofikisha matano. Kwa uji wa nafaka na ziwa pekee unafika mawili, hata ukimpa mara sita.

Udhaifu wa sufuria ni kwamba haingoji. Chakula kilichopondwa kikikaa mezani zaidi ya saa mbili kinaanza kuharibika, na nyumba nyingi zetu hazina friji. Pia kinategemea anayelisha: uji utamezwa hata na mlezi asiye na muda, lakini viazi na ndengu vinahitaji mtu akae, atazame, angoje.

Blenda naikubali kwa siku chache za kwanza tu. Watoto wanaocheleweshewa chakula chenye mabonge hadi wakapita miezi tisa au kumi mara nyingi huwa wagumu kula baadaye. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Akiwa na mwaka na miezi miwili alikuwa akitema punje moja ya wali. Wa pili nilimpondea kwa uma tangu mwanzo, na kufikia miezi tisa alikuwa anashika kipande cha kiazi kitamu, anakiminya, kinatokea kati ya vidole, analamba kiganja.

Hapo panaingia swali la kijiko au mkono. Kuna wanaosema mtoto ajilishe mwenyewe tangu siku ya kwanza. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2017 ulifuata akina mama 206. Wale waliofundishwa kuwaachia watoto wajilishe kwa njia salama hawakuona kupaliwa kukizidi, lakini pia uzito wa watoto haukutofautiana. Mimi nachanganya: kijiko changu kwa vitu vyenye chuma, mkono wake kwa vipande laini vinavyovunjika kwa vidole viwili. Zabibu nzima, bisi, mahindi ya kuchemsha na tufaha bichi, hapana.

Na chakula kipya akikikataa leo, kirudishe kesho kutwa. Huenda ikachukua mara nane, kumi au zaidi kabla hajakizoea. Kumshika pua au kumkinga mdomo kwa kiganja ili ameze, kama bado inavyofanyika katika baadhi ya nyumba, kunaweza kupeleka chakula kwenye mapafu. Akigeuza uso, amemaliza.

Pakiti ya dukani

Nitaipitia haraka. Uzuri wake ni kwamba nyingi zimeongezwa chuma, na ni nyepesi kwa safari. Ubaya ni bei, na kwamba ladha ni ile ile kila siku. Geuza pakiti, soma viungo. Kama sukari imetajwa, irudishe kwenye rafu. Isiyo na sukari ni msaada mzuri wa dharura.

Uchague ipi

Kama uko nyumbani na mtoto, au kuna dada au shosho anayepika mchana, chagua sufuria, mara mbili hadi tatu kwa siku ukianzia vijiko viwili vitatu, na uji mzito asubuhi ukipenda.

Kama mtoto anabaki kwa kituo cha kulea watoto tangu alfajiri, ongea na mama wa kituo kwanza. Muulize anaosha mikono wapi, watoto wanalishwa kwa kutumia nini, chakula kinakaa wapi hadi saa sita. Mpakie vitu visivyoharibika upesi: avokado nzima ya kukatwa pale pale, ndizi, yai lililochemshwa gumu ambalo bado lina ganda. Uji mzito wa wimbi wa saa nne uwe kwenye flaski iliyosuuzwa kwa maji yanayochemka. Kisha sufuria iwe yako jioni na asubuhi kabla ya kutoka: hata ukifika saa moja usiku, mtoto atakula ndengu na kiazi kutoka kwa mboga ya nyumba, halafu anyonye.

Kama pesa zimebana kabisa, usianze kwa kukata yai ili ununue unga wa bei. Punguza unga. Uji wa nafaka moja uliochachushwa, kijiko cha omena, sukuma iliyokatwa nyembamba na yai siku tatu kwa wiki vinalipita kopo la vitu kumi na viwili.

Na mtoto asiyenyonya tena anahitaji mpango wake, kwa sababu sehemu kubwa ya hesabu zangu imeegemea ziwa. Huyo mpeleke kliniki mapema, usingoje siku ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Vivyo hivyo kwa yeyote ambaye mstari wake kitabuni umelala miezi miwili. Ukifika, mwambie sista kila kitu kilichoingia mdomoni mwake jana tangu asubuhi hadi alipolala, pamoja na ile chai, na ubebe chakula chenyewe akione.